Mguu wa Msufi Mwitu

Watu wakiniuliza ni kitu gani nilichokiogopa zaidi maishani, wanategemea niwaambie habari za Burma. Burma niliogopa, sikatai. Mtu anayesema hakuogopa kule, ama hakufika ama ni mwongo. Lakini hofu ya vitani ina wakati wake: mzinga ukilia unalala chini, ukinyamaza unatafuta chai. Hofu ninayotaka kuieleza hapa haikuwa na mapumziko. Niliivaa asubuhi, nikaivua jioni, nikaiegemeza ukutani karibu na kitanda, na kulipokucha niliikuta palepale inanisubiri. Ilikuwa ni mguu wangu.

Ule niliozaliwa nao ulibaki hospitalini huko mashariki, umekatwa chini kidogo ya goti, na sina hamu ya kuusimulia. Waliturudisha kwa meli, wakatuweka katika hospitali ya jeshi Nairobi, na huko nikapewa mguu wa chuma na ngozi uliotoka Uingereza. Aliyeubuni alikuwa anamfikiria mtu wa mjini, mwenye soksi na viatu, anayetembea barabara ya lami na kupumzika kwenye benchi akichoka. Mimi nilikuwa mtu wa Newala. Jasho liliozesha mikanda, unyevu wa Lindi ukaanza kukitia chuma kutu, na kila nilipopiga hatua ulilia kama mlango wa ghala. Nilipofika Masasi kidonda kilikuwa kimechimbika hata nikauvua na kuubeba begani.

Sikuwa peke yangu. Vita vilikuwa vimekwisha na vilema walikuwa wengi, kila mmoja na chuma chake begani, na wakubwa wakaanza kuona haya. Ndipo wakapatana. Chuo kikuu kimoja cha Uingereza kilitoa mtaalamu, jeshi likatoa fedha, mahema na sisi vilema, na chuo cha ualimu cha misheni pale Masasi kikatoa kiwanja, walimu na karakana yake ya useremala. Waliita jambo hilo ushirikiano. Asubuhi vijana wa ualimu walitufundisha kusoma na kuandika, nao wakipata mahali pa kujaribia ualimu wao, kwa hiyo tulivumilia mengi. Kuna mmoja aliyetuimbisha herufi huku tunapiga makofi, watu wazima tuliozika wenzetu. Mchana tulikwenda karakana.

Yule mtaalamu alikuwa bado kijana, masikio yamebabuka kwa jua, na Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kila neno limepigwa pasi. Nilimpenda. Nasema hivyo mapema kwa sababu nitakayoyasema baadaye yanaweza kumfanya mtu amdhanie mpumbavu, na hakuwa mpumbavu hata kidogo. Alitaka kutengeneza mguu wa huku huku: mwepesi, usiohitaji kiatu, ambao ukivunjika mtu anautengeneza kijijini kwa panga na misumari. Maofisa walikuja kwa gari kuangalia, wakapiga miguu ile kwa fimbo zao, wakaondoka. Yeye alibaki. Alitupandisha mawe ya ule mlima ulio nyuma ya misheni, akatushusha, akatuuliza, "Wapi panauma? Nionyeshe kwa kidole." Hakuna daktari wa jeshi aliyewahi kuniuliza hivyo.

Walijaribu mninga. Ulikuwa imara, lakini jioni nyonga ilikuwa inawaka. Walijaribu mwembe, wadudu wakaingia kabla ya wiki kwisha. Basi siku moja akaletwa fundi kutoka uwanda wa juu, Mmakonde mwenzangu, tuliyekuwa tumeingia jando mwaka mmoja. Misheni walimjua kwa viti na misalaba aliyowachongea. Alikuja na gogo begani, akalitua mezani, na meza haikutoa hata sauti. Gogo lilikuwa jepesi kama kopa la muhogo lililokauka vizuri. Mtaalamu alilinyanyua kwa mkono mmoja, akacheka kama mtoto.

Mimi sikucheka. Ule ulikuwa msufi mwitu.

Siku hizi naweza kueleza, kwa kuwa mambo haya yanauzwa barabarani kwa wageni na watoto wa shule wanayachora kwenye madaftari. Zamani zile ilikuwa hatari. Kwetu, vijana wakitoka jando, wanakuja kucheza wale tunaowaita midimu. Wanawake na watoto waliambiwa kwamba hao ni wafu waliofufuka makaburini. Wana nyuso za ajabu, wengine wana matumbo na vifua vinavyong'aa, na mwanamke akiwaona karibu anapaswa kukimbia. Kijana akiingia jando ndipo anapofunuliwa kwamba ndani ya mdimu yumo mjomba wake, na kwamba uso ule na tumbo lile ni mti uliochongwa, ukapakwa nta na mafuta mpaka ukafanana na ngozi ya mtu. Mti wenyewe ni huo msufi mwitu, kwa sababu mtu hawezi kucheza mchana kutwa na mninga usoni. Tuliapa kutosema. Tulitajiwa watu waliosema, na tukaambiwa tusiulize wamezikwa wapi. Mimi nilibatizwa baadaye, nikala meza ya Bwana, nikaimba kwaya. Kiapo kile hakikunitoka.

Fundi alichonga jinsi mikono yake ilivyozoea. Hakujua kuchonga gongo tu. Alitoa muundi, akatoa kifundo, akatoa vidole vitano na kucha zake, halafu akachemsha nta ya nyuki na mafuta ya mbarika, akaupaka ule mguu na kuusugua, akapaka tena, mpaka ukawa na rangi yangu mimi. Mtaalamu alimwagia maji, maji yakateleza yote yakaanguka chini. Alipiga meza kwa furaha. Kumbe tatizo lililomshinda yeye na wenzake huko chuoni kwao, la mti kunywa maji na kuvimba, lilikuwa limetatuliwa na nta. Akamwita mkuu wa chuo aje aone. Mkuu wa chuo alikuwa padri, tena kila Kwaresima alihubiri dhidi ya vinyago hadi povu likamtoka. Akaja, akaushika ule mguu, akausifu. Fundi aliangalia chini. Mimi niliangalia dirishani.

Tulipobaki wawili nikamwuliza kwa lugha yetu, "Ndugu yangu, unajua ulichonifanyia?"

"Najua."

"Mke wangu akiuona huu?"

"Auoneje? Kwani unatembea uchi? Jeshi si limekupa suruali ndefu? Vaa suruali, vaa na kiatu, hakuna atakayejua."

"Na chumbani?"

Akaendelea kufagia vumbi la mti. "Chumbani zima taa," akasema.

Kilichonimaliza ni kwamba mguu ule ulikuwa mzuri. Siku ya kwanza nilitembea kutoka karakana hadi kanisani, nikazunguka kanisa, nikarudi, na hapakuwa na mahali panapouma. Nilikaa kwenye kizingiti nikalia mbele ya watu. Wenzangu walichekelea, nao wakataka wachongewe. Wao walikuwa Wayao, Wamakua, wengine Wangoni kutoka mbali. Kwao mti ulikuwa mti. Kati ya waliovaa miguu ile, aliyetoka uwandani nilikuwa mimi peke yangu.

Kadiri siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani ilivyokaribia, ndivyo nilivyozidi kuogopa. Nilikuwa nimeoa muda mfupi kabla ya kuchukuliwa jeshini. Mke wangu alikaa kwa mama yake mbele ya Newala, kama ilivyo desturi yetu kwamba mume ndiye anayehamia, na mtoto alizaliwa nikiwa nimeshapanda meli. Nilijua kwa salamu tu kuwa ni msichana. Katika mahema ya hospitali niliishi kwa kumfikiria mtoto huyo. Sasa nilijiona nikiingia uani, mke wangu anaona kucha za mti, anambeba mwanangu anakimbilia porini, na mimi nimesimama pale sina neno la kusema. Maana neno la kuwatuliza lilikuwa moja tu, kwamba huu ni mti wa kawaida na midimu ni wajomba zenu, na neno hilo nilikuwa nimeapa nisiliseme.

Nilifikiri nimwambie mtaalamu anipe mguu mwingine. Angeuliza kwa nini. Nikimweleza, nimevunja kiapo. Naye, kwa jinsi alivyopenda kuelewa mambo, angekwenda kumwuliza padri. Padri angejua kilichokuwa kinatoka katika karakana ya misheni, angeifunga, na wale wenzangu waliokuwa wanasubiri zamu zao wangerudishiwa vyuma vyao vyenye kutu. Basi nikanyamaza. Usiku nilikuwa naugeuza mguu uutazame ukuta, nisivione vidole.

Nilipanda lori la mfanyabiashara mmoja, tukapita Chiungutwa, tukaupanda mteremko kuelekea Newala. Ilikuwa masika. Nilivaa suruali ndefu na viatu vya jeshi, vyote viwili, na watu kwenye lori hawakujua lolote, walidhani nina baridi yabisi. Lakini barabara ya kutoka bomani kwenda kwa mkwe wangu ilikuwa tope jekundu tupu. Kiatu cha mguu wa mti kilizama, nikivuta kinabaki. Upindo wa suruali ukajaa maji, ukawa unavuta mikanda. Pale karakana tulikuwa tumekaririshwa kama sala kwamba mikanda ikilowa inaoza, na ikioza huna mguu. Nikatazama mbele, nikatazama nyuma. Hapakuwa na mtu. Nikavua viatu nikavifunga shingoni, nikakunja suruali hadi magotini.

Mtu asiyekaa uwandani hawezi kujua maji yalivyokuwa kwetu wakati ule. Chemchemi ziko chini kabisa, bondeni. Mwanamke anashuka alfajiri, anapanda na maji kichwani jua limeshakuwa kali. Nilipokata kona nikakutana nao uso kwa uso, kundi la wanawake wanapanda na mitungi na madebe. Wa mbele alinitazama usoni, akaanza kufungua mdomo anisalimie. Halafu macho yake yakashuka.

Hawakupiga kelele, na kule kutopiga kelele kulinitisha kuliko yowe. Walitupa vyombo wakaingia vichakani, wote kwa mara moja, na barabara ikabaki na mimi na vigae na maji yanayoteleza kwenye tope. Debe moja lilivingirika likaja kugonga mguu wangu. Ule wa mti. Lilitoa sauti ya ngoma.

Nilishusha suruali haraka. Nilijua nimepata adui wa aina mbili. Wanawake watafika majumbani waseme mdimu ametembea barabarani peke yake mchana kweupe, bila ngoma, bila jando. Na wanaume watakaosikia hivyo wataelewa maana yake, na watataka kujua ni nani huyo anayetembeza siri zao kama mwenye duka. Nikafikiri nirudi. Naapa nilifikiri nirudi bomani, nipande lori, niombe kazi kwenye mashamba ya mkonge, niwe mtu asiye na kwao. Kilichonifanya niende mbele hakikuwa ushujaa. Kurudi kungeniuma zaidi, basi.

Uani hapakuwa na mtu. Moto ulikuwa unafuka, chungu cha kisamvu kiko mafigani, kinu kimeachwa na mchi ndani. Mlango umefungwa. Nikapiga hodi. Nikapiga tena. Nikakaa barazani, nikafungua mikanda, nikauvua mguu na kuulaza upande wangu, na mvua ikaanza.

"Nani huyo?" Sauti ilitoka ndani. Niliitambua, ingawa ilikuwa imekua.

"Ni mimi. Baba mtoto."

"Uko peke yako?"

"Niko peke yangu."

"Mguu uko wapi?"

"Nimeuvua," nikasema. "Upo nje. Kama hutaki nitautupa."

Mlango ukafunguliwa kidogo. Niliingia kwa magoti na mikono, kama mtoto anayejifunza kutambaa, na hivyo ndivyo mke wangu alivyonipokea baada ya vita vyote vile. Alikuwa amesimama mkono kinywani. Nyuma yake, chini ya kitanda cha kamba, niliona macho mawili. Mke wangu akageuka akasema kitu kwa sauti ya chini, na mtoto akatoka upande wa pili, akapita mlango wa nyuma mbio kwenda kwa bibi yake, nyumba ya nyuma. Niliona kisogo chake tu. Alikuwa na kisogo changu.

Halafu mke wangu alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Akatoka nje kwenye mvua, akauchukua ule mguu kwa mikono yote miwili, akaingia nao, akaketi mkekani na kuanza kuukausha kwa kanga yake.

"Utalowa bure," akasema. "Na mikanda ya ngozi hii."

"Huogopi?"

"Niogope nini? Mti?"

Alisema kwa kunong'ona, lakini alisema. Nilimtazama kama mtu aliyemwona ng'ombe akisoma gazeti.

"Kwani hukuwepo barabarani?"

"Nilikuwepo. Debe lililokufuata ni langu."

"Mbona mlikimbia?"

Akaendelea kufuta, kidole kwa kidole. "Mwanamke akikutana na kitu cha wanaume akasimama kukitazama, si wataniuliza nimejuaje kuwa hakinidhuru? Mama yangu alikimbia. Bibi alikimbia. Unyagoni tunafundishwa na namna ya kukimbia. Ninyi mnafurahi, na sisi tunapata pa kupumzika huko vichakani. Ila leo mmetumwagia maji, na hilo mtatulipa." Akacheka kidogo, akaziba mdomo.

Nilicheka nami. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma, mbavu za mtu aliyebeba hofu kutoka Masasi bila sababu. Nilijiona mpumbavu, nikafurahi kuwa mpumbavu. Tena wazee walipokuja kesho yake, hawakuwa na ugomvi mrefu. Walikunywa uji, wakanipa pole ya vita, wakasema tu kwamba barabarani nivae kiatu. Kwa wazee mambo yalikwisha.

Lakini swali lenyewe halikuwa la wazee. Nililiuliza siku ile ile ya kwanza, mvua ikiendelea kunyesha, tulipomaliza kucheka.

"Na mtoto je?"

Mke wangu aliacha kufuta. "Mtoto hajui," akasema.

Mtoto alikuwa barabarani. Alikuwa ameshika kanga ya mama yake, ameona kila kitu, ameona na mama yake akitupa debe na kukimbia. Yeye kukimbia kwake hakukuwa kwa kufundishwa.

"Mwambie basi."

"Nimwambie nini? Hajachezwa unyago. Ni mdogo, kesho atalisema kisimani. Wataniuliza nani aliyemwambia."

"Mpaka lini?"

"Mpaka achezwe, baba mtoto. Akikua."

Nilijaribu. Nilivaa suruali ndefu, nikavaa kiatu, nikavaa na soksi mbili ili mguu usigonge. Mtoto alikuwa ameketi mkekani anachambua mbaazi. Aliinua macho, akanitazama magotini, akakakamaa, na mkojo ukamtoka ukatiririka mkekani. Hakulia. Nikarudi chumbani nikauvua, nikatoka kwa kutambaa, na baada ya muda akanisogelea, akanigusa bega kwa kidole kimoja. Nilielewa jinsi alivyokuwa ameyapanga mambo kichwani mwake. Kulikuwa na baba, ambaye alikuwa na mguu mmoja na alikuwa mzima. Na kulikuwa na yule mwenye miwili, ambaye alikuwa amekufa, na ambaye alikuja kumchukua baba.

Siku hiyo niliuweka juu kwenye kichanja cha darini, nyuma ya magunzi. Nikachonga gongo la kwapani. Nikalima mihogo kwa magoti. Nilipanda mikorosho kwa magoti, na watu waliokuja kuninunulia korosho miaka ya baadaye hawakujua kila shimo lilichimbwa na mtu aliyelalia tumbo. Mwanangu alinishikia mbegu. Tulikuwa marafiki sana, mimi na yeye, ila kila siku niliogopa. Akiugua homa akaanza kuweweseka, niliogopa ananiota mimi. Panya wakipita darini, niliona anavyoinua macho taratibu, nami nikaanza kupiga soga kwa sauti, nikimwuliza habari za kuku.

Mtaalamu alikuja. Alikuja na gari la jeshi pamoja na ofisa mmoja, wanatembelea watu waliopewa miguu ili waone kazi yao imefaa vipi. Wale wa Masasi na Chidya walikuwa wanacheza mpira nayo, aliniambia, uso unang'aa. Halafu akaniona kwenye gongo. Mwanangu alikuwa amesimama ubavuni kwangu, ameshika shati langu.

"Mguu umevunjika?" akauliza.

"Haukuvunjika, bwana."

"Uko wapi?"

Nilimwomba mke wangu amchukue mtoto waende kutafuta kuni, nikasubiri hadi walipopotea mihogoni, ndipo nikamshushia. Aliupokea. Nta ilikuwa bado inang'aa. Aliugeuza, akakagua mikanda, akapitisha kidole ndani mnapoingia goti, na nilimwona anavyotafuta kosa lake.

"Kwa nini huuvai, rafiki yangu? Tafadhali niambie."

Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Yule ofisa alikuwa anaangalia saa.

"Mzito," nikasema.

Akaupima mkononi, juu, chini. "Mzito?"

"Mzito sana, bwana."

Aliumia. Nadhani katika maisha yangu sijawahi kumwumiza mtu mwema namna ile. Hakubishana, kwa kuwa aliwaamini watu wanaosema wapi panauma. Akasema pole, akasema atarudi chuoni kwao watafute mti mwepesi zaidi ya huo, akanirudishia. Haukupita muda mrefu, jeshi likaacha kutoa fedha, mahema yakang'olewa, karakana ikarudia kutengeneza madawati. Sikumwona tena.

Miaka ilikwenda. Siasa ziliingia, vijana wakaanza kutia kadi za chama mifukoni, na mwanangu akawa msichana mrefu anayenisomea barua. Ikafika zamu yake. Bibi yake na shangazi zake wakamchukua, tukasikia ngoma tukakaa mbali kama inavyotakiwa, na alipotolewa alikuwa amepakwa mafuta, amevaa kanga mpya, anaangalia chini. Vigelegele vilipigwa. Nilipiga makofi na wenzangu huku naogopa, maana nilijua amekwisha kuambiwa, na sikujua ataniona vipi.

Asubuhi aliingia nikiwa nimeketi kitandani. Akapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akapanda kwenye kinu, akanyoosha mkono nyuma ya magunzi bila kutafuta, kama mtu aliyejua siku zote kilipo. Akautoa. Ulikuwa na utando wa buibui na nta imepauka. Aliufuta kwa kanga yake mpya, akauweka magotini pangu.

"Vaa, baba," akasema.

Nilitia mguu wangu uliokatika ndani yake. Ulizama, ukacheza huku na huku. Nyama za mtu asiyetumia mguu zinakwisha. Mtaalamu alikuwa ametuonya tangu Masasi, na mimi nilikuwa nimesahau, au nilikuwa sitaki kukumbuka. Mikanda nayo panya walikuwa wameitafuna. Hata hivyo niliufunga kwa kamba, nikamshika bega, nikasimama. Nikapiga hatua. Mguu ukabaki nyuma.

Akaniketisha. Akauokota, akaupakata, akawa anapitisha kidole kwenye zile kucha, moja baada ya nyingine.

"Ulipokuwa unakuenea," akauliza, "ulikuwa unatembeaje nao?"

"Vizuri sana, mwanangu," nikamwambia. "Nilikuwa nasahau kwamba ninao."

Hapo ndipo alipolia.